Re: Mtoto ana tetekuwanga, nimuogeshe? Mayai na maharage nimnyime?
Pole dada. Muogeshe tu kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe taratibu bila kumsugua. Hayo ya kumnyima mayai na maharage achana nayo, mgonjwa anahitaji kula. Shida huwa vipele vikitoka mdomoni: hapo pilipili, ndimu na chumvi nyingi vinachoma kweli. Mpe uji uliopoa, mtindi, ndizi mbivu, na maji kila mara. Kucha zikate fupi, kwenye muwasho paka losheni ya kalamini. Homa ikipanda ni parasetamoli. Aspirini USIMPE kabisa, inaweza kudhuru ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iache. Shule asiende hadi vipele vyote vikauke. Na huyo wifi yako mjamzito uliyemtaja, kama hajawahi kuugua tetekuwanga, akae mbali na mtoto. Mtoto akipumua kwa shida au vipele vikitunga usaha, hospitali haraka.