Maswali ya Wasomaji: Shangazi Yetu Astaafu, Tumuenzi Vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Shangazi yetu, mzaliwa wa Shela hapa Malindi, anastaafu baada ya kufanya kazi zaidi ya miaka 30 katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, akichunguza maumbo ya protini kwa njia ya fuwele, yaani chembe zilizoganda kwa mpangilio kama za chumvi. Jamaa tumeafikiana kumwandalia hafla atakaporudi nyumbani, lakini kila nikiwaeleza kazi yake, wao huulizana kama ni yeye apigaye picha za mifupa hospitalini. Mimi nafundisha kemia na bado maneno hunipotea. Niwaeleze vipi, na zawadi gani itamfaa, maana wajomba zangu wanataka joho na ngao? (Mwalimu, Malindi)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Jamaa zako hawakukosea sana, kwani miale ya eksirei ni ile ile. Ila mfupa huacha kivuli chake, na fuwele huitawanya miale ikaangukia mahali maalumu na kuacha madoa, ambayo kutokana na nguvu zake, baada ya hesabu ndefu, mtaalamu hukadiria kila atomu imekaa wapi.

Anzia Gongoni. Wageni wako wengi wameona jinsi maji ya bahari yanavyoachwa mabwawani yakapungua kwa jua, mpaka chumvi ikaganda vipande vyenye pembe. Shangazi yako hufanya jambo lililo karibu na hilo, lakini katika tone moja dogo la protini, lililofungiwa juu ya maji ya chumvi makali zaidi ili maji ya tone yatoke polepole, na huenda akangoja wiki kadhaa asipate kitu. Tena fuwele ya protini haitaki kukaushwa kama chumvi, kwa sababu mara nyingi karibu nusu yake ni maji. Hilo lilibainika Cambridge mwaka 1934, pale J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot, aliyekuja kujulikana kwa jina la Hodgkin, walipoiacha fuwele ya pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ndani ya maji yake yale yale ilimokulia, na madoa yakaonekana wazi.

Kisa cha huyo Hodgkin usikikose. Alipiga picha ya kwanza ya fuwele ya insulini mwaka 1935, na umbo lake likakamilika mwaka 1969, yeye akiwa na wenzake wengi wa rika la wanafunzi wake. Katikati ya miaka hiyo 34 alipata umbo la penisilini na la vitamini B12, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1964, na insulini ikawa bado yamngoja. Palipo na wazee wanaojidunga insulini kila siku, maneno hayo hayahitaji kupambwa.

Kuhusu zawadi, joho na ngao naziona baridi, nawaomba radhi wajomba zako. Mwaka 1951, katika maonyesho makubwa ya taifa ya Uingereza, viwanda vilichapa vitambaa na karatasi za ukutani kwa nakshi zilizotokana na ramani za fuwele, zikiwamo za insulini na hemoglobini, ile protini ya damu. Sisi watu wa leso tumepitwaje na jambo hilo? Mchapishieni doti: mjini pawe na ramani ya mojawapo ya protini alizozifumbua, pindoni yazunguke madoa ya eksirei, na penye jina, badala ya methali, iandikwe namba ya utambulisho ya protini hiyo. Namba hizo, zenye alama nne za tarakimu na herufi, hutolewa na benki ya data ya protini iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba, na leo ina zaidi ya 200,000. Kila ingizo lina majina ya waliolileta, kwa hiyo hamtamtafuta kwa taabu.

Siku ya hafla, wanafunzi wake wazungumze kabla ya waheshimiwa, maana waheshimiwa wakishashika kipaza sauti kahawa hupoa. Na kabla ya kupeleka mchoro kwa mchapishaji, mdadisini shangazi kwa hila ni protini ipi iliyomsumbua miaka mingi zaidi. Chapisheni hiyo, hata kama si ile iliyompa sifa.