Unakuja kusoma Iowa City? Ninayoyajua kuhusu mpira wa chuo na watu wake

Habari za saa hizi wanajukwaa.

Uzi wa mdogo wetu wa Mwanza nimeuona tangu juzi, nikasema nitulie kwanza nijibu vizuri. Ameuliza mawili. La kwanza, ni kweli kwamba Iowa City watu wazima wenye wajukuu wanakosa usingizi kwa ajili ya timu ya wanafunzi? La pili, yeye anakuja kuanza shahada ya uzamili mwezi wa nane: ajifunze hiyo michezo, au akae na vitabu vyake? Wengi mmemshauri apotezee, kwamba ni mambo ya Wazungu na mpira wenyewe unashikwa kwa mikono. Mimi naishi Coralville, mji uliopakana na Iowa City, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kwa hilo sikubaliani nanyi, na nitaeleza kwa kirefu.

Kwamba ni kweli, ni kweli. Uwanja wa Kinnick, wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa, unaingiza watu zaidi ya 69,000, na Iowa City yenyewe ina wakazi kama 75,000. Siku ya mechi ya nyumbani ni kama mji wa pili umehamia juu ya mji wa kwanza. Watu wanaendesha kwa muda wa saa tatu au nne kutoka mashambani, wanafika alfajiri. Wenye nyumba za mtaa wa Melrose, unaopita karibu na uwanja, wanageuza majani ya mbele ya nyumba zao kuwa maegesho ya kulipia. Keshia wa dukani, mhudumu wa benki, mwalimu wa shule ya msingi, wote wako kwenye nyeusi na njano. Mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa amefika wiki ile aliniuliza kwenye kituo cha basi, kashika mkono wa mtoto: "Dada, batu bote banavala manjano, kuko nini?" Nikamjibu kuna mpira. Akadhani nchi nzima inacheza.

Sababu yake ukiifahamu, hutawashangaa tena. Jimbo zima la Iowa lina watu milioni 3 na kidogo, na halina hata timu moja kwenye zile ligi kubwa za kulipwa, iwe mpira wa Kimarekani, kikapu au besiboli. Timu ya chuo, Hawkeyes, ndiyo timu ya mkulima na ya dereva wa lori ambaye hajawahi kukanyaga darasa la chuo hicho. Wengine wengi wako na Iowa State, chuo cha kule Ames, na zipo nyumba mume yuko huku na mke yuko kule, bendera mbili zinapepea mlangoni. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Marehemu baba alikuwa akitusimulia mwaka 1988, Coastal Union walipochukua ubingwa, na jinsi mji ulivyokuwa siku zile. Niliwaelewa watu wa Iowa kwa kupitia Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga. Mji ambao hauna kingine kikubwa cha kujivunia mbele ya miji mikubwa, timu yake haiwi burudani tu.

Sasa nisimulie nilivyoingia, kwa sababu hakuna aliyenifundisha.

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nafanya usafi kwenye jengo moja la ofisi karibu na uwanja. Jumamosi moja ya Septemba niliegesha gari pale ninapoegesha kila siku, sikusoma kibao kilichosema siku za mechi hapaegeshwi. Natoka kazini, gari hakuna. Limevutwa. Kulikomboa ilikuwa mshahara wangu wa karibu siku tatu. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia, na aliyeniona ni mzee jirani yangu wa mlango wa pili, yuko na koti lake la njano, anataka kutoka kwenda uwanjani na mkewe. Akaniuliza nina nini. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha siku zile. Akamshusha mkewe uwanjani, mimi akanipeleka hadi yadi walikolificha gari, akasubiri mpaka nikaliwasha. Alipoteza robo nzima ya mchezo, na sasa ndipo najua kwa mtu wa hapa hiyo ni sadaka ya namna gani. Wakati wa kuagana akasema, "Wiki mbili zijazo unakuja na sisi."

Hapa watu wazima wanaitwa kwa majina yao ya kwanza. Ulimi wangu uligoma. Nikamwita Mzee, na mpaka leo wajukuu zake wanamwita hivyo hivyo, wakidhani ni jina.

Kwenda "na wao" maana yake si kuingia uwanjani moja kwa moja. Maana yake ni kufika saa nne au tano kabla ya mchezo, kwenye maegesho. Buti zinafunguliwa, meza zinakunjuliwa, majiko ya mkaa na ya gesi yanawashwa, soseji nene zinachomwa, mahindi yanachemshwa, watoto wanarushiana mpira katikati ya magari. Majirani wa maegesho ni walewale kila mwaka, wengine miaka thelathini mahali pamoja. Wanaulizana habari za magonjwa, za mavuno, nani kaoa, nani kafariki. Ni kama baraza ya msibani na ya harusini kwa pamoja, ila inafanyika kila baada ya wiki mbili kuanzia Septemba mpaka Novemba.

Kwa Waislamu wenzangu mnaosoma hapa: hili ni jimbo la nguruwe, na bia zipo nyingi. Siku ya kwanza nilikula mahindi na soda tu. Mke wa Mzee aliona, hakusema kitu. Mara ya pili nikamkuta ameninunulia jiko dogo jipya, limefungwa bado kwenye boksi, akasema hili ni la kwako peke yako, hakuna nyama nyingine itakayogusa humo. Nikapeleka mishkaki ya nyama ya kuku wa halali na sambusa. Sasa hivi nisipopeleka sambusa napigiwa simu tangu Alhamisi. Adhuhuri naswali kando ya gari, na kuna kijana mmoja wa pale hupunguza muziki wake bila kuombwa.

Mdogo wangu, ushauri wangu mkubwa ni kwamba usianzie kwenye kanuni za mchezo. Nilijaribu nikachoka. Inatosha ujue hivi: timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi kumi, ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao, na kwa kawaida jaribio la nne wanaupiga mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie nyuma. Hilo la mwisho lishike, maana Iowa ndilo wanalolipenda kuliko watu wote wa Marekani. Timu yao kwa miaka imekuwa na ulinzi mkali na ushambuliaji wa kubahatisha. Mwaka 2023 walikuwa na kijana wa Kiaustralia, Tory Taylor, kazi yake ni hiyo tu ya kupiga mpira mbali. Alivunja rekodi ya vyuo vya Marekani ya jumla ya yadi alizopiga kwa msimu mmoja, na uwanja mzima ulikuwa ukimshangilia kama mfungaji. Mtu aliyekulia kwenye soka anauona uzuri wa mpira uliopigwa vile ukatua pale pale ulipotakiwa. Hapo ndipo mimi nilipoanza kupiga kelele kwa moyo wangu.

Na sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kando ya uwanja, ng'ambo ya barabara tu, kuna hospitali ya watoto ya chuo, jengo refu la vioo lililofunguliwa mwaka 2017. Ghorofa za juu zinautazama uwanja. Kabla ya msimu wa mwaka huo, mama mmoja mshabiki aliandika mtandaoni wazo lake: robo ya kwanza ikiisha, watu wote wageuke wawapungie mikono watoto walio madirishani. Mechi ya kwanza ya Septemba 2017 ikafanyika, na haijaacha kufanyika. Wanasimama mashabiki, makocha, wachezaji, waamuzi, hata timu pinzani. Nilikuwepo msimu huo, nikapunga, nikafurahi, nikakaa.

Oktoba 2018 mwanangu wa kiume, akiwa na miaka minne, alilazwa pale kwa homa ya mapafu. Tuliingia Alhamisi usiku. Jumamosi, mechi ilikuwa saa tano asubuhi, muuguzi akaja akasema tumpandishe ghorofa ya 12. Nikambeba, na mrija wake wa oksijeni puani, tukasimama dirishani pamoja na wazazi wengine ambao watoto wao walikuwa na maradhi mazito kuliko ya wangu. Kuna baba alikuwa amemshika binti asiye na nywele hata moja kichwani. Hatukusemeshana. Robo ikaisha, na ule umati wote wa njano chini ukageuka kututazama sisi. Kutoka kule juu huoni sura ya mtu, unaona mikono. Maelfu kwa maelfu ya mikono. Mwanangu akauliza kwa Kiswahili, "Mama, wananijua?" Nikamwambia ndiyo.

Mzee alikuwa kule chini kwenye kiti chake cha siku zote. Aliniambia baadaye alisimama juu ya benchi, na miguu yake ile, ili tumwone. Siku hiyo nilimwelewa yeye na mji wake, na tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema ushabiki wa chuo ni upuuzi, nanyamaza kwanza kabla ya kujibu.

Kuhusu sisi watu weusi na historia ya timu hii, usije bila kujua. Sehemu ya kuchezea ya Kinnick tangu 2021 inaitwa kwa jina la Duke Slater, mchezaji mweusi wa miaka ya 1918 hadi 1921 aliyekuja kuwa hakimu Chicago. Uwanja wenyewe una jina la Nile Kinnick, aliyeshinda tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa mpira wa vyuo, mwaka 1939 akafa mwaka 1943 kwa ajali ya ndege akiwa mazoezini jeshini, umri miaka 24. Halafu kuna Ozzie Simmons, mchezaji mwingine mweusi wa Iowa. Mwaka 1934 walipocheza na Minnesota alipigwa uwanjani mpaka akashindwa kuendelea, na watu wa Iowa waliona kalengwa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka uliofuata hasira zilikuwa zimepanda kiasi kwamba gavana wa Minnesota, Floyd Olson, alituliza mambo kwa kuwekeana dau la nguruwe na gavana mwenzake wa Iowa. Iowa wakafungwa, nguruwe akapelekwa kweli. Mpaka leo timu hizo mbili zinagombea sanamu ya shaba ya yule nguruwe, Floyd of Rosedale. Watu wanaishangilia sana, na wengi wa vijana hawajui ilianzia kwenye mateso ya kijana mweusi. Mimi nawaambia watoto wangu kila mwaka, na Mzee akiwepo anaongezea.

Utaona pia kwenye helmeti za wachezaji stika ya herufi ANF, yaani America Needs Farmers: Marekani inahitaji wakulima. Kocha Hayden Fry aliianzisha mwaka 1985, wakulima walipokuwa wakipoteza mashamba kwa madeni. Kaka yake Mzee aliuza lake miaka hiyo. Stika ndogo tu, lakini usiicheke mbele ya mtu.

Usibaki kwenye mpira wa Kimarekani pekee. Mieleka hapa ni dini; Dan Gable alifundisha hadi 1997 akaondoka na ubingwa wa taifa mara 15. Na kikapu cha wanawake, jamani. Oktoba 2023 waliweka sakafu ya kikapu katikati ya Kinnick, nje, kwenye baridi na upepo, wakaja watu 55,646. Nilikuwa mmoja wao, na binti yangu mabegani. Nyota wao, Caitlin Clark, alifunga pointi 34. Machi 2024 aliipita rekodi ya vyuo ya pointi 3,667 ya Pete Maravich, iliyokuwa imesimama tangu 1970, akamaliza chuo na 3,951. Fainali walifungwa miaka miwili mfululizo, na mji ukawapokea kama mabingwa. Ukipita kwenye viwanja vya mtaani Coralville utawakuta wasichana wa Kikongo wamevaa namba 22 ya Clark, wanarusha kutoka mbali kabisa, wanagombana kwa Kiswahili nani alikosa.

Wachezaji kulipwa, jambo lililoruhusiwa tangu 2021 kupitia majina na sura zao, Mzee halipendi. Tumebishana naye sana. Mimi naona ni haki yao, uwanja unajazwa na jasho lao. Kinachoniuma ni kuhama kila mwaka, unamzoea kijana, kesho yuko kwa wapinzani.

Ya kuzingatia ukifika: soma vibao vya maegesho tangu Ijumaa jioni. Begi liwe la plastiki linaloonyesha ndani, vinginevyo unarudishwa getini. Novemba vaa soksi mbili na usiamini jua. Njano yoyote itakubalika, shati la dukani la bei ndogo linatosha. Tiketi za wanafunzi ziulizie mapema, usingoje wiki ya mechi.

Na kama hutapata tiketi, njoo maegeshoni kwetu, niandikie faragha nitakuelekeza. Jiko dogo utaliona lilipo. Mzee mwaka huu hapandi tena ngazi za uwanjani, anasikiliza kwa redio ndani ya gari, mlango wazi. Robo ya kwanza ikiisha anazima redio, anashuka na fimbo yake, anageukia lile jengo la vioo. Mwanangu anamshika mkono mmoja, ili ule mwingine apungie.