Muulize Mzee wa Safari: Wikendi moja haitoshi Turkana

Mzee wa Safari, habari ya siku nyingi. Sisi ni watano, wote tunafanya kazi tauni, na tumeona picha za Kisiwa cha Kati (Central Island) cha Ziwa Turkana, kile chenye mashimo matatu ya volkano yamejaa maji, tukaambiana hii mwaka lazima. Mpango wetu ni kutoka Ijumaa jioni na basi, Jumamosi tunapanda boti tunalala huko kwa tenti, Jumapili tunarudi, Jumatatu asubuhi kila mtu yuko kazini. Maji tutachota kwa ziwa ama tubebe? Kuogelea je? Na kuna mtu ametutisha na mambo ya upepo, hiyo ni hadithi ama ni ukweli? — Msomaji, Umoja

Ndugu yangu wa Umoja, hiyo Jumatatu isahau kwanza ndo tuongee.

Kutoka hapa Nairobi mpaka Lodwar ni kama kilomita 700, unapitia Kitale, Kapenguria, unashuka ule mteremko wa Marich, halafu Kainuk, Lokichar, na ukisema umefika bado hujafika, kwa sababu Lodwar si ziwani, kuna kilomita 60 hivi zingine mpaka Kalokol, boti zinakotoka. Mtafika Jumamosi mgongo umekufa, na hapo ndo mtamwambia nahodha "twende sa hii"? Kama kuna pesa ya ndege kutoka Wilson hadi Lodwar basi mtaokoa siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Kama ni basi, ombeni siku tano. Nne kwa dharura.

Sasa upepo. Aliyewatisha si muongo. Ule upepo wa Turkana ndo umewekewa mitambo 365 upande wa Loiyangalani kutengeneza stima, sidhani watu wangemwaga pesa hiyo yote kwa upepo wa hadithi. Mara nyingi unavuma usiku hadi asubuhi kisha unapungua mchana, lakini usiupangie saa, unaweza kuinuka tu ghafla na ziwa likachafuka. 1934 wazungu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs, mwanajiolojia Mwingereza, walivuka kwenda kisiwa kingine cha ziwa hilo, kile cha kusini, na hadi leo hawajaonekana.

Mimi mara ya kwanza nilifika Kalokol nikiwa na haraka zenu hizo hizo. Saa mbili asubuhi niko ufuoni, begi mgongoni, nimevaa laifujaketi tayari kama mtoto wa shule ameambiwa kuna tripu. Nahodha, mzee mmoja mwembamba, ameketi kwa ukingo wa boti anashona wavu. Nikamsalimia, akaitikia. Nikamuuliza tunaenda saa ngapi. Akaangalia maji, akaokota mchanga kidogo akauachilia kati ya vidole, mchanga ukaenda kando wote hata mmoja haukuanguka chini ya mkono wake, akarudi kwa wavu. Saa tatu akarudia. Saa nne akarudia. Mimi nanung'unika nahesabu hasara ya siku. Kwenye saa nane na nusu mchanga ukaanguka wima kidogo, akakunja wavu bila kusema kitu, akavuta kamba ya injini. Tangu siku hiyo nikipata nahodha anayeniambia twende wakati wowote mradi nimelipa, namshukuru na natafuta mwingine.

Kwa hivyo mnapopiga hesabu wekeni siku moja ya kukaa bure. Upepo ukiwakatalia kutoka mnaitumia Kalokol, ukiwakatalia kurudi mnaitumia kisiwani, na hiyo ya pili ndo mbaya kwa sababu kule hakuna duka, hakuna bomba, hakuna nyumba ya kulala, hata kivuli ni cha kutafuta.

Hapo ndo tunafika kwa swali la maji. Bebeni. Ya Turkana yana magadi na floridi nyingi, wenyeji wengine wanayanywa kwa kukosa namna na utaona kwa meno yao vile inawafanya, wewe wa maji ya bomba tumbo litakuaibisha mapema. Joto linapita digrii 35 kirahisi, kwa hivyo mimi nahesabu lita sita kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Nyinyi watano siku mbili ni lita 60, na ile siku ya upepo ni 30 zingine, jumla 90, yaani mitungi mitano ya lita 20 na kidogo kinabaki. Wekeni kwa mitungi si chupa zile za dukani, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga zetu za taifa, na kisiwa hicho ni mojawapo. Na mwambieni nahodha mapema juu ya huo mzigo, mitungi mitano na watu watano na tenti si utani kwa boti ndogo.

Kuogelea hapana. Hapana kabisa. Mmekuja kuona mamba halafu mnataka kuoga nao? Moja ya yale maziwa matatu ya ndani linaitwa Ziwa la Mamba, mengine ni la Flamingo na la Tilapia, na mamba hawakai tu humo ndani, hata ufuo wa nje ni wao. Mwezi wa nne kwenda wa tano mayai yao ndo yanaanguliwa, ni kitu cha kuona lakini mama yao yuko karibu, kwa hivyo tembea na askari wa wanyamapori au mwongozaji na tenti iwe mbali na maji. Nyoka pia wako, kifutu akiwemo, na wanapenda chini ya mawe. Viatu kung'uta kabla ya kuvaa, usiku tochi hata kama unaenda hatua kumi kukojoa.

Kutembea kwenyewe msiogope. Kisiwa chote ni kama kilomita tano mraba, na kutoka ufuoni mpaka juu kabisa ni mita chini ya 200, mtu wa Ngong Hills atacheka. Kinachoua ni jua na mawe meusi yanayorudisha joto usoni kama jiko la makaa. Amkeni saa kumi na moja, mzunguke kwenye kingo za yale mashimo kukiwa na ubaridi, saa tatu muwe mmerudi mko chini ya turubai. Jivu la volkano linateleza, unapanda hatua mbili unarudi moja. Kuna mahali mvuke unatoka ardhini na harufu ya salfa, hapo usipige kambi hata kama pamekaa sawa.

Malipo ya mbuga ni kupitia eCitizen, ule mtandao wa serikali, fanyeni mkiwa bado Nairobi au Lodwar netiweki ikiwepo, na muongee na watu wa KWS, shirika la wanyamapori, kabla hamjapanda boti ili mtu ajue mko wapi. Tena picha za zamani za ule ufuo zisiwadanganye, ziwa limepanda sana miaka hii ya karibuni likameza nyumba za watu, kwa hivyo mahali boti inatoka ulizeni siku hiyo hiyo. Njiani kati ya Lodwar na Kalokol simameni Namoratunga muone zile nguzo za mawe, wenyeji wanasema ni watu waliokuwa wanacheza ngoma wakamcheka asiyefaa kuchekwa wakageuzwa mawe. Kisha mkifika mkasalimie watu vizuri, sema "ejok", si lazima kila kitu kianze na bei ni ngapi.

Mzee wa Safari, lazima ninunue tenti ya bei? Niko na ile ndogo ya kufunguka yenyewe nilipata mtumba, imefanya kazi poa Naivasha. Pia viatu. — Msomaji, Kawangware

Viatu nenda soko la mitumba, Toi au Gikomba, angalia soli haijaanza kuachana pale mbele, vaa wiki mbili kabla ya safari, imetosha.

Tenti ya kufunguka yenyewe iache Naivasha. Nilikuwa na yangu, ile usiku wa kwanza kisiwani vigingi vilikataa kuingia kwa mawe, viwili vikapinda kama msumari wa bei rahisi, nikasema wacha begi langu likae ndani lishikilie. Saa nane usiku nikatoka nje dakika moja tu, nikageuka nikaona tenti inabingirika kuelekea ziwani na begi ndani yake, nikaifukuza na soksi. Chukua ya chini, yenye nguzo zinazopinda, kisha beba kamba mita 20. Kila kona funga kwa jiwe ambalo huwezi kuliinua kwa mkono mmoja, kamba izungushe jiwe mara mbili kabla ya fundo, mlango uangalie upande upepo unaenda. Mchana ukiona ni kazi bure, ngoja usiku.

Mzee wa Safari, kijana wangu wa miaka kumi na tatu anataka kisiwa chenye mbuga na hanipi usingizi, lakini Turkana simpeleki. Kuna cha karibu? — Mama wa Lang'ata

Mama, mpeleke Ndere, Ziwa Victoria, upande wa Kisumu. Ni mbuga ya taifa tangu 1986, kadogo tu, kilomita nne na kitu mraba, kuna swala na ndege wengi na kilima cha kupanda kabla ya chai. Boti ni safari fupi, mvalishe laifujaketi na uangalie kamba zimefungwa, vijana wa umri huo hupenda kuziacha zinaning'inia. Viboko na mamba wako, kwa hivyo miguu yake isiingie majini. Na mbu wa huko si wa Lang'ata, beba neti.