Mnanaa si mnanaha

Swali la wiki: je, mtu asiye na mganga wa kumfundisha anaweza kujifunza mitishamba kwa vitabu bila kujidhuru?

Anaweza, ila ajue kitabu hakioni jani alilolishika mkononi. Kinaeleza mmea fulani, na kazi ya kuhakikisha kwamba mmea wako ndio huo ni yako peke yako. Watu wengi hudhurika hapo, kwenye jina, kabla hata hawajasoma kipimo.

Chukua nanaa, ambayo wengi huiita mnanaa, ile ya kutia kwenye chai. Ongeza herufi moja upate mnanaha, yaani datura. Mmea huo una sumu za atropini na skopolamini katika kila sehemu yake. Mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, moyo huenda mbio, kisha mtu huanza kuweweseka. Machi 2019, huko Karamoja, Uganda, karibu watu 300 waliugua na watano wakafariki kwa kula chakula cha msaada kilichochanganyika na sumu za aina hii. Ikiwa mibichi, mimea hii miwili haifanani hata kidogo. Shina la nanaa lina pembe nne, na ukilizungusha kati ya vidole utazihisi; majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana, na ukiyafikicha harufu inakujia mara moja. Mnanaha una shina la mviringo, majani makubwa, ua refu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Hatari inakuja mmea ukishakaushwa na kusagwa, au msomaji anapopekua fahirisi ya majina ya Kiswahili na kidole kikatua mstari wa pili. Kwa hiyo fahirisi hiyo itumie kwa kazi moja tu: kupata jina la kisayansi. Ukishalipata, nenda kwenye maelezo ya mmea na uyalinganishe na ulichoshika: shina, mpangilio wa majani, ua, tunda. Sifa moja ikikataa, mmea huo weka chini. Programu za simu za kutambua mimea kwa picha zinafaa kukupa jina la kuanzia uchunguzi, wala si ruhusa ya kunywa.

Jina la kisayansi nalo lina mitego yake. Mwarobaini ni Azadirachta indica, lakini vitabu vya zamani viliuita Melia azadirachta. Melia azedarach ni mti mwingine, ambao matunda yake ni sumu. Tofauti ya maandishi ni ndogo mno, na miti yenyewe ni ndugu. Tazama jani: la mwarobaini lina uti mmoja wenye vijani vyenye meno vilivyopangwa pande mbili kama unyoya, wakati la Melia azedarach hugawanyika tena: uti wa kati hutoa nyuti nyingine zenye vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mwenzake yana rangi ya zambarau hafifu. Majina yanayobadilika namna hii huangaliwa bure kwenye orodha ya mimea ya bustani ya Kew, Uingereza, ambayo huonyesha jina linalokubalika sasa pamoja na yote ya zamani.

Jina likishathibitika, uliza: sehemu gani? Miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO), juzuu nne zilizotoka kati ya 1999 na 2009, ina sura mbili kwa shubiri. Moja inahusu ute wa ndani, ambao ni mweupe wa kupenyeza mwanga. Nyingine inahusu utomvu mchungu wa njano ulio chini ya ganda, ambao ni dawa kali ya kuharisha na haufai kwa mjamzito, anayenyonyesha wala mtoto wa chini ya miaka 10. Anayeblendi jani zima anakunywa sura zote mbili kwa pamoja. Ukitaka ute wa kupaka, lisimamishe jani lililokatwa ndani ya bakuli kwa dakika 15, utomvu uchuruzike, lioshe, ndipo umenye. Zaidi ya hayo, sura ile ya ute ni ya Aloe vera, mmea wenye asili ya Bara Arabu. Mishubiri mingi ya porini kwetu ni jamii nyingine, na maelezo hayo hayaihusu.

Miongozo hiyo ina jambo lingine ambalo nalithamini kuliko yote: matumizi yamepangwa kwa madaraja matatu. Kwanza yaliyothibitishwa kwa majaribio kwa wagonjwa, pili yaliyomo katika vitabu rasmi vya dawa, tatu yale ya mapokeo yasiyo na ushahidi wa kisayansi. Vitabu vinavyokusanya matumizi ya wenyeji, kama kile cha John Kokwaro cha 1976 kuhusu Afrika Mashariki, ni hazina kwa majina ya lugha zetu. Lakini sentensi “mizizi huchemshwa kwa maumivu ya tumbo” ni kumbukumbu ya wanachofanya watu. Haikuambii ni mizizi kiasi gani, wala kama aliyekunywa alipona.

Kipimo kisome pamoja na hali ya mmea. Gramu 100 za majani mabichi zikikauka huweza kubaki 20 hadi 25, kwa hiyo anayebadilisha mabichi kwa makavu bila kupunguza anazidisha mara nne au tano. Kwa kichefuchefu cha safari, WHO inataja nusu gramu ya unga wa tangawizi, mara 2 hadi 4 kwa siku, kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 6. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni karibu gramu 2, basi nusu gramu ni robo yake. “Konzi moja” si kipimo, kwa sababu mikono haifanani.

Tahadhari zisome kabla ya faida, ukiwa na orodha ya dawa anazotumia mgonjwa. Kitunguu saumu kingi pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huongeza hatari ya kutokwa na damu. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na vifo yalipotolewa kwa mdomo. Kwa mtoto mchanga yasitumike kamwe kwa njia hiyo.

Mmea ukikushinda kuutambua, kata tawi lenye majani na ua au tunda, likandamize kati ya magazeti, ubadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Andika mahali, tarehe, kimo na rangi ya ua, maana rangi hupotea. Lipeleke kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kutambuliwa: ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo Arusha, na ipo Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Na kama mtu ameshakunywa akaanza kuchanganyikiwa au kutapika, usimlazimishe kutapika, wala usipoteze muda kutafuta maziwa. Mpeleke hospitali, ukiwa umebeba mabaki ya kinywaji na tawi la mmea wenyewe.