Ramani ya voliumu 1,200: nianzie wapi?

Swali: Assalaam aleikum ami. Mimi kijana wa Wete, huu mwaka wa pili nipo Muscat, kwenye chumba cha kompyuta cha benki, upande wa meinifremu, zile kompyuta kubwa. Bosi kanitaka nichore mchoro mmoja unaoonesha hifadhi yetu nzima: voliumu (diski zenye majina) kama 1,200, makundi yake, katalogi, kontrola na nakala pacha. Nimeuhangaikia wiki mbili. Umetoka kama juya lililokatwa na ngalawa, mistari juu ya mistari, na bosi mwenyewe haelewi kitu. Nimekosea wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Kuchora hujakosea. Ulikosea pale ulipokubali kuwa mchoro ni mmoja. Ulichonacho mezani ni miti miwili iliyopandwa shimo moja, na pahala inapogusana ni kwenye voliumu tu. Itenganishe kwanza.

Mti wa kwanza ni wa majina. Fikiria mtaa wa kwetu. Voliumu ni nyumba, dataseti, yaani faili, ni wakaazi, kundi la hifadhi ni mtaa. Nyumba haiwi kwenye mitaa miwili, na SMS, programu inayosimamia hifadhi (si ujumbe wa simu), nayo haikubali voliumu moja iingie makundi mawili. Katalogi ni sheha: unampa jina la mtu, anakwambia yuko nyumba gani. Ukifika mlangoni, VTOC, yaani orodha ya yaliyomo kwenye voliumu hiyo, ndiyo mwenye nyumba anayejua chumba. Katalogi kuu haina haja ya kumjua kila mkaazi. Inatazama neno la mwanzo la jina la dataseti, kisha inakuelekeza kwa sheha anayehusika.

Mti wa pili ni wa vyuma. Voliumu hiyohiyo ina anwani ya tarakimu nne za heksadesimali. Anwani hiyo imo ndani ya kontrola ya kimantiki, yaani fungu la anwani, ambayo haibebi zaidi ya anwani 256. Kontrola imo ndani ya sanduku la diski, na sanduku linafikiwa kwa chaneli za FICON, yaani njia za nyaya kutoka kwenye kompyuta. Huku sheha hana lake.

Sasa kwa nini nakusumbua na miti miwili? Wewe wa Pemba labda ulikuwa mdogo, lakini waulize jamaa zako wa Unguja khabari za 2008, ulipoharibika waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba. Kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi. Ukaharibika tena Disemba 2009, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Malindi na Mkunazini ni mitaa mbali mbali na masheha mbali mbali, lakini iliingia giza saa moja, kwa kuwa yote ilining'inia kwenye waya mmoja. Mchoro wa mitaa pekee usingekuonesha hilo hata ungeupaka rangi za dhahabu.

Mimi lilinipata kazini, pahala nisipopataja. Daftari la miamala la Db2, programu ya hifadhidata, tuliliandika mara mbili kama inavyotakiwa, nakala ya kwanza kundi hili, ya pili kundi lile. Kwenye karatasi tulikuwa salama. Sanduku moja likapata hitilafu usiku wa mwisho wa mwezi, nakala zote mbili zikaondoka pamoja. Makundi mawili, sanduku moja. Tangu siku ile mchoro wangu wa majina naupaka rangi kwa sanduku: kila voliumu ina rangi ya chuma inakokaa. Nikiona pacha wawili wana rangi moja, sihitaji kufuata mstari wowote.

Usichore kwa mkono. Endesha DCOLLECT, amri ya kukusanya taarifa za hifadhi, itakupa dataseti, voliumu na makundi, na rekodi za voliumu zina namba ya kifaa, ndiyo ile anwani. LISTCAT, amri ya kuorodhesha katalogi, ukiiendesha kwa katalogi kuu itakupa masheha. Kwa upande wa vyuma, amri kama `DS QD,8100,16` inakurudishia jina la voliumu pamoja na namba ya sanduku lake. Unganisha orodha hizi kwa namba ya kifaa, kisha toa faili la maandishi la Graphviz, programu ya kuchora michoro: kila uhusiano mstari mmoja, na programu yenyewe ipange. Wiki ijayo mambo yakibadilika unaendesha tena. Andika tarehe kwenye kona, maana mchoro wa miezi mitatu nyuma ni hatari kuliko kutokuwa nao.

Na usitoe voliumu zote 1,200 kwa pamoja. Anza na swali: sanduku hili likizimika, kazi zipi zinasimama? Panda kutoka sanduku hilo hadi kwenye majina, chora kilichoguswa, kingine acha. Utapata mchoro wenye visanduku 30 au 40, na bosi atausoma amesimama. Ukubwa nao usiusahau: voliumu ya aina ya 3390-3 ina silinda (kipimo cha nafasi ya diski) 3,339, na ya 3390-54 ina 65,520, karibu mara 20. Ukizichora sawasawa, umesema uongo bila kufungua mdomo.

Nakala pacha za PPRC, zinazonakiliwa papo hapo kutoka sanduku hadi sanduku, zipe mshale wa nukta nukta kutoka ya asili kwenda ya pili, usizichanganye na mistari ya umiliki. Nahisi nusu ya juya lako imetoka hapo. Nusu nyengine nahisi ni anwani za PAV. Hizo ni milango ya ziada ya kuingilia nyumba ileile, hazina data yake wala jina la voliumu. Zichuje kabla hujachora. Ukihesabu anwani 1,900 kwa voliumu 1,200, usianze kutafuta diski zilizopotea.