Mstari unapanda, mkojo bado unavuja
Kama unafanya mazoezi ya sakafu ya nyonga (misuli inayoshikilia kibofu) kwa kihisi cha ukeni kinachoonyesha umeme wa misuli kwenye skrini, na mstari unapanda lakini bado mkojo unakutoka ukikohoa, shuku kwanza kwamba unakaza tumbo. Kihisi cha ukeni hunasa pia umeme wa misuli ya jirani, makalio na mapaja yakiwemo. Omba mtaalamu wa fiziotherapia akubandike tumboni elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme wa misuli) za chaneli ya pili, yaani mstari wa pili kwenye skrini. Mstari huo wa tumbo ubaki chini. Kaza sakafu ya nyonga kama anayezuia ushuzi, sekunde 5, bila kubana pumzi, kisha legeza sekunde 10. Mstari wa ukeni usiposhuka kabisa unapolegeza, tatizo ni kulegeza, na kuzidi kukaza huweza kuleta maumivu. Maikrovolti (kipimo cha umeme huo) usizilinganishe na za mwenzako, wala za jana ikiwa kihisi kimekaa vingine. Halafu zoea kukaza sekunde moja kabla ya kikohozi.