Shimo la mboji linanuka, wanafunzi wamelikimbia

Mwalimu mwenzangu, umesema shimo la mboji nyuma ya jiko la shule linanuka, limejaa nzi, na darasa la tano hawataki tena kulisogelea. Usilifukie. Harufu hiyo huletwa na maji mengi na kukosa hewa. Nahisi mnamwaga humo ugali na maharage yaliyobaki. Hayo wapeni kuku. Shimoni yaingie maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani ya chai, na kwa kila ndoo ya vitu vibichi muongeze ndoo mbili au tatu za majani makavu. Geuzeni kila wiki.

Kila mtoto afinye konzi moja ya mboji: ikichuruzika maji, unyevu umezidi. Kisha chomekeni kijiti katikati ya lundo, baada ya muda wakichomoe wakishike. Kikiwa cha moto, hiyo ni kazi ya vijidudu vinavyoozesha mabaki; mimi sihitaji tena kuvifundisha, maswali huja yenyewe!

Mboji ikiiva, miezi mitatu hivi, pandeni matuta mawili ya mchicha, moja bila mboji. Wanafunzi wapime urefu wa mchicha kwa rula kila Ijumaa. Na plastiki? Fukieni kipande kimoja pamoja na ganda la ndizi, mfukue baada ya miezi miwili, waone kipi kimeoza.